Tunasikitika kutangaza, tunafurahi kutangaza

Watu wengi wanadhani kazi yangu ni kutaipu barua na kuwaambia wageni "Mkuu yupo kikaoni". Hayo nafanya, hasa hilo la pili, lakini kuna kazi nyingine ambayo haipo kwenye barua yangu ya ajira na nimeifanya tangu 2010 nilipofika hapa, nayo ni kuandika matangazo ya wafanyakazi wa chuo. Nani kahama, nani kahamia, nani kafiwa, nani kajifungua, nani anaozesha, nani anastaafu, mchango shilingi ngapi na mwisho wa kuchangia lini. Yote yanapita mezani kwangu, nayachapa, Mkuu anasaini, nagonga muhuri, halafu naenda kubandika kwenye notisi bodi pale koridoni kati ya ofisi ya mhasibu na choo cha wafanyakazi. Aliyechagua ile sehemu alijua anachofanya, maana hakuna mtumishi anayemaliza siku bila kupita pale, kama si kwa mhasibu basi kwa huko kwingine.

Bodi yenyewe ni ubao laini umevikwa kitambaa cha kijani, zamani kilikuwa kijani, na mbele ina vioo viwili vya kusukuma vyenye kikufuli kidogo ambacho ufunguo wake ulipotea enzi za Mkuu wa chuo wa tatu kabla ya huyu wa sasa. Tunafungulia mpini wa kijiko. Kijiko nilikiazima jikoni mwaka wangu wa kwanza na mpaka leo kipo kwenye droo yangu, hilo likumbukeni nitalirudia.

Kwa msiojua, chuo chetu ni chuo cha maendeleo ya wananchi, hivi vyuo ambavyo wengi mnaviita FDC. Viko 54 nchi nzima, kuanzia Tarime huko juu mpaka Mtawanya na Newala huku kwetu kusini, na vilianza mwaka 1975 enzi za Mwalimu Nyerere, wakati Tanzania imeshika elimu ya watu wazima kwa mikono miwili. Wazo lilitoka Skandinavia. Mzee wetu wa useremala, ambaye kila kwenye mahafali lazima apewe kipaza sauti, anapenda kuwasimulia wazazi kwamba Wadenmark walifungua chuo chao cha kwanza cha namna hii 1844 na Waswidi wakafuata 1868, vyuo vya wakulima, mtu anakuja na jembe lake kichwani anaondoka na akili zaidi lakini bila mtihani wa kumtisha. Sweden ndio walitusaidia pesa mpaka miaka ya 90, zikaja zikakata, na vyuo vikabaki na majengo mazuri yenye mapaa yanayovuja. Siku hizi tunafundisha uashi, useremala, ushonaji, umeme wa majumbani, magari, kilimo na mifugo, upishi. Kuna kozi ndefu zinazokwenda na mitaala ya VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kuna fupi za wiki chache za mtu anayetaka kujua kutengeneza sabuni tu basi aende zake.

Historia ya kiserikali ya chuo mimi naisoma kwenye kichwa cha barua. Nilipoanza kazi karatasi zilikuwa zinasema Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto, baadaye tukarudishwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, halafu wizara zikahamia Dodoma na anwani nayo ikabadilika, kila mara nabadilisha templeti kwenye kompyuta na kila mara natupa rimu nusu ya karatasi zenye kichwa cha zamani. Yaani situpi, nazigeuza nyuma natumia kwa matangazo. Kwa hiyo ukigeuza tangazo la harusi la chuo chetu unaweza kuikuta wizara ambayo haipo.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, maana wenzangu wangelisema tu hapo chini kwenye komenti.

Mwaka 2012 mkufunzi wetu wa uashi alifiwa na mama yake mzazi huko Songea. Simu ilikuja asubuhi na mapema, mimi nina haraka kwa sababu wakati ule umeme ulikuwa unakatika saa nne kama una mkataba, nikachukua tangazo la msiba la mwezi uliopita, lile la "mama mzazi wa mhasibu", nikaanza kubadilisha. Nikafuta, nikaandika, nikaprinti, Mkuu akasaini bila kusoma maana naye alikuwa na safari, nikabandika. Nilichobandika kilisema: Uongozi wa chuo unasikitika kutangaza kifo cha mkufunzi wa uashi kilichotokea jana usiku huko Songea. Nilifuta "mama mzazi wa" pamoja na mhasibu.

Jamani. Wanafunzi wa uashi walikuwa saiti wanapandisha ukuta wa banda la nguruwe, wakaacha udongo umelowa kwenye karai wakakimbia. Akinamama wa jikoni wakafunga kanga kiunoni. Kundi la watu kama arobaini likaelekea nyumba za wafanyakazi likilia, na marehemu mwenyewe alikuwa uani nyuma ya nyumba anapiga brashi viatu vya safari, anajiandaa kuwahi basi akamzike mama yake. Akasikia kilio kinakuja. Akajua wenzake wamekuja kumfariji, uchungu ukamzidi, naye akaangua kilio akatoka mbele kuwapokea na kiatu kimoja mkononi. Waliokuwa mbele walipomuona waligeuka wakakutana na waliokuwa nyuma, mwalimu mmoja wa kike akatumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji ya mbuzi, mlinzi wa geti ambaye kila siku anatuambia alishawahi kupigana na chui alionekana baadaye kule barabarani.

Ilipotulia akaja ofisini. Akasimama mbele ya notisi bodi akasoma polepole, akavua kofia. Akaniambia, "Dada, tangazo zuri. Ila hamjaandika nazikwa lini." Mimi nilikuwa chini ya meza, sio kwa mfano, nilikuwa kweli nimeinama natafuta kalamu ambayo haijaanguka.

Kuanzia siku ile Mkuu alitoa amri kwamba tangazo lolote la msiba lisomwe na mtu wa pili kabla ya kubandikwa, na mtu wa pili, baada ya kubishana sana, akawa mpishi mkuu. Sio naibu mkuu wa chuo, sio mwalimu wa taaluma. Mpishi, Bibi Jiko tunavyomuita sote. Sababu ni kwamba yeye ndiye pekee aliyekuwa anajua nani mama wa nani, nani aliyelelewa na shangazi mpaka anamuita mama, nani ana mama wawili na nani ukitaja baba yake mzazi unaleta ugomvi. Nilikuwa napeleka karatasi jikoni, anafuta mikono kwenye aproni, anaishika kwa ncha za vidole isichafuke unga, anasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili. Kisha anasema, "Hapa mwanangu usiandike mjomba, andika baba mkubwa." Nilikuwa naandika.

Siku hizi kuna grupu la WhatsApp la watumishi na habari inafika huko kabla sijawasha kompyuta. Mtu anafiwa saa nane usiku, saa nane na dakika mbili kuna "poleni sana" 19 na mikono ya kusali isiyo na idadi, na katikati yake kuna mmoja anayeuza vifaranga. Silalamiki, pesa za rambirambi zinakusanyika haraka kuliko zamani tulipokuwa tunazunguka na daftari. Ila grupu lina tabia yake, simu ikiibiwa historia imekwenda, mtu akihama anatolewa siku hiyo hiyo kama kafukuzwa, na wapishi wawili na babu wa bustani hawana simu za kuingia humo. Ndio maana bado nabandika. Na ninayoyabandua siyatupi, yapo kwenye boksi faili nne chini ya dirisha, moja imeliwa na mchwa pembeni. Kuna Mkuu mmoja aliwahi kuniambia nisafishe huo uchafu, nikasema sawa Mkuu, nikazihamishia nyuma ya kabati mpaka akahama yeye.

Habari zinazoumiza kuliko zote kwenye bodi, tukiacha misiba, ni uhamisho. Madam wetu wa ushonaji aliomba uhamisho miaka sita kumfuata mume wake, zamani kwa barua za mkono kupitia kwa, kupitia kwa, kupitia kwa, halafu ukaja ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, ukawa unaombea kwenye simu na kukataliwa kwenye simu. Siku ulipokubali ulikuwa katikati ya muhula na huko aendako ni Tarime. Angalieni ramani, kutoka huku kwetu mpaka Tarime ni nchi nzima unaivuka. Aliacha sare kumi na nne za wateja zimekatwa hazijashonwa, kila moja imebandikwa kikaratasi cha vipimo kwa pini, na wasichana wake wa mwaka wa pili wakazimaliza zote kwa zamu bila kuambiwa na mtu. Tangazo langu lilisema "amehamishwa kikazi, tunamtakia kila la heri". Sare hazikutajwa, zingetajwaje, tangazo la uhamisho halina sehemu ya sare.

Kuna mfanyakazi bora wa Mei Mosi pia, ambaye huwa tunampigia kura mwezi wa nne. Mlinzi wa geti alishinda miaka mitatu mfululizo kwa sababu kura zinahesabiwa baada ya saa za kazi na yeye ndiye anayefunga geti. Ikapitishwa kwamba aliyeshinda apumzike miaka miwili. Zawadi ni cheti na bahasha, cheti huwa kinawahi.

Twende kwa Bibi Jiko sasa, maana yeye ndiye kanifanya niandike haya yote.

Alizaliwa Julai 1964, kwa hiyo Julai 2024 alitimiza sitini na sheria ni sheria. Alikuja hapa 1986 kusoma ushonaji, hakuwa na ada ya muhula wa pili, akaambiwa asaidie jikoni mpaka baba yake auze korosho, na korosho mwaka ule hazikuuzwa vizuri. Ndio akabaki huko. Miezi ya mwisho mazungumzo ya jikoni yalikuwa kikokotoo tu, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, kama PSPF na LAPF, iliunganishwa 2018 ikawa PSSSF, halafu 2022 wastaafu wakaambiwa mkupuo, yaani pesa unayopewa kwa mara moja ukistaafu, ni asilimia 33, wale wa PSPF waliokuwa wanategemea nusu wakabaki wanapiga hesabu kwenye magunia ya mchele kwa mkaa. Bibi alikuwa mmoja wao. Juni 2024 bajeti iliposomwa na ikatajwa asilimia 40 kwa waliokuwa PSPF na LAPF alikuwa na redio yake ya betri juu ya dirisha la jiko, akaikoroga sufuria ya maharage kwa nguvu mpaka ikamwagika, akasema "basi bati za upande wa nyuma zimepatikana", akaendelea kuchagua mchele.

Mkuu akaniita. "Andika risala ya kumuaga, ukurasa mmoja, chukua kwenye jalada lake." Nikaenda masjala nikalitoa jalada. Miaka yote hiyo, jalada jembamba utadhani la mtu wa mkataba wa miezi mitatu. Barua ya ajira. Kuthibitishwa kazini. Kupandishwa daraja mara tatu. Fomu za likizo. Na barua moja ya onyo ya mwaka 1998, imepigwa kwa taipureta, kwamba alikutwa akigawa mabaki ya chakula cha wanafunzi kwa watu wa nje bila kibali. Hamna kitu kingine. Nilikaa nayo mbele yangu saa nzima, nikaandika "alikuwa mchapakazi", nikafuta, kwa sababu hata yule mhasibu wa kwanza tuliyemuaga ambaye, haya tuyaache, naye niliandika alikuwa mchapakazi.

Ndio nikavuta yale maboksi chini ya dirisha.

Tangazo la Oktoba 2013, nusu karatasi: Wanafunzi wa bweni mnaarifiwa kuwa leo uji utachelewa, mpishi yupo kituo cha afya. Nikaikumbuka ile siku. Binti wa kozi ya upishi alishikwa na uchungu usiku, alikuwa ameficha ujauzito kwa kujifunga kanga mpaka mwezi wa nane, na gari la chuo lilikuwa juu ya mawe halina matairi ya nyuma. Bibi alimpakia kwenye bodaboda akakaa nyuma yake kumshikilia, watatu kwenye pikipiki moja na dereva, kilomita saba za vumbi. Mtoto yupo mzima, yuko shule ya msingi hapa hapa kijijini.

Tangazo la Machi 2020, lile sote tunalikumbuka, chuo kimefungwa kwa ajili ya korona, wanafunzi warudi makwao. Vyuo vilifunguliwa Juni mosi. Kwa chini ya nakala yangu kuna mwandiko wa penseli wa mtunza stoo: "unga kg 10, mpishi, kwa waliobaki." Waliobaki ni akina nani wakati chuo kimefungwa? Walikuwa wasichana wawili na watoto wao, ambao wakirudi kwao wanarudi kwa mtu waliyemkimbia. Walikaa kwenye nyumba ya Bibi miezi yote ile.

Hapa nieleze kidogo. Chuo chetu ni kati ya vile vyenye programu ya Elimu Haina Mwisho, ya Karibu Tanzania Organization, ambayo inawarudisha darasani wasichana walioacha shule, wengi wao wakiwa na watoto. Wanasoma masomo ya sekondari, wanasoma ufundi, ujasiriamali, na wanakuja na mtoto. Mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliokatishwa na ujauzito wanaweza kurudi shule za kawaida, kwa msichana kama huyo mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa vyuo kama hiki chetu au njia za pembeni za kujilipia. Siku hizi tuna chumba cha kulelea watoto kimepakwa rangi, kina magodoro na picha za tembo ukutani. Ila walipokuja wa kwanza kabisa chumba hakikuwepo, watoto walikuwa wanalazwa kwenye kanga nyuma ya darasa, mama anaandika huku mguu mmoja unatikisa, na ikifika saa nne wanalia wote kwa pamoja kwa njaa hata mwalimu wa hesabu anaacha chaki.

Bibi akaanza kupika uji wao. Uji wa wanafunzi wakubwa ni wa sembe na sukari, mzito, mtoto wa miezi minane haumfai. Alikuwa na kisufuria kidogo cheusi, cha lita mbili hivi, kina mpini mmoja umefungwa waya. Alianza na unga wa ulezi aliosaga mwenyewe, akaongeza karanga kidogo alizozitwanga, anachuja kwa kitambaa, anapoza kwa kumimina kutoka kikombe kwenda kikombe akiwa amesimama mlangoni, na watoto wanaotembea wanapanga mstari kwenye kizingiti, wasiotembea wanaletwa. Kila siku saa nne. Hakuna aliyemuagiza na hakuna tangazo lililobandikwa, nimepekua maboksi yote manne. Kitu cha kila siku huwa hakitangazwi.

Risala nikaandika kurasa tatu. Mkuu akasema ni ndefu, akaisoma, akarudi akasema acha ilivyo ila toa ile ya onyo la 1998. Nikaitoa. Bibi mwenyewe alipopewa nafasi ya kuongea akaanza na hiyo hiyo, "mwaka 98 walinipa barua kwa ajili ya makoko ya ugali, na aliyeiandika barua alikuwa anakula hayo makoko", watu wakacheka mpaka mshereheshaji akashindwa kuendelea.

Sherehe ilikuwa nzuri, nisidanganye. Tulichanga elfu ishirini ishirini, wakufunzi wakaongeza. Vijana wa useremala walimchongea kitanda cha mninga, wa kuchomelea wakamtengenezea jiko la mkaa lenye magurudumu ambalo sijui atalivutia wapi, mabati ishirini, na kanga doti tatu ambazo kamati ya zawadi ilinunua kwa haraka bila kusoma. Ya kwanza ikakunjuliwa mbele ya kadamnasi, mshereheshaji akaisoma kwa kipaza sauti: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Naibu mkuu, ambaye kila mtu anajua anausubiri ukuu, akaangalia juu kwenye feni. Mimi nimewaambia kamati kila mwaka, kanga inasomwa kwanza.

Ijumaa kabla ya kuondoka yakafanyika makabidhiano ya jiko, mimi nikiandika. Masufuria makubwa 11, miiko 6, sinia 40, visu 9, vijiko vilitakiwa 120 vikahesabiwa 119. Mtunza stoo akahesabu tena, 119. Bibi akaniangalia, hakusema kitu, mimi nikaandika "pungufu 1" na mwandiko ukawa mbaya ghafla. Alipomaliza akachukua kile kisufuria cheusi kwenye kona, akakitia kwenye kikapu chake, kwa sababu hakikuwa kwenye leja, kilikuwa chake toka mwanzo.

Jumatatu akaanza mpishi mpya, kijana ana cheti, ana kofia nyeupe ndefu, mtu mzuri tu. Kwenye maelekezo ya makabidhiano niliyoyachapa mwenyewe kulikuwa na idadi ya wanafunzi, ratiba ya mlo, siku za nyama. Saa nne nikasikia kelele, nikatoka. Watoto saba wamepanga mstari kwenye kizingiti cha jiko na vikombe vyao vya plastiki, wengine wanagonga vikombe ukutani, na kijana kasimama na mwiko anawaangalia. "Dada," akaniuliza, "hawa ni wa nani?"

Siku hiyo walipewa chai ya maziwa na mkate, wawili wakatapika.

Nani alimpigia Bibi sijui, maana kwenye grupu alishatolewa Jumamosi. Jumanne kabla ya saa nne aliingia getini amevaa ile kanga ya nyota ya mwenzio, kikapu mkononi. Shikamoo zikapigwa, hakukaa. Akaenda jikoni, akamuonyesha yule kijana ulezi kiasi gani, karanga kiasi gani, kwamba maji yakichemka usitie unga mkavu utapata madonge, ukoroge kwanza pembeni na maji baridi. Akamsimamia mpaka akapoza mwenyewe kikombe cha kwanza. Halafu akaja na kisufuria, kimeoshwa, mpaka stoo. Akasema anakiacha.

Mtunza stoo ni mtu wa taratibu, kitu hakiingii bila kuandikwa. Akafungua leja, mimi nipo pembeni nimemsindikiza Bibi, na nilikuwa na kijiko mfukoni natafuta namna ya kukirudisha bila maswali. Akaandika tarehe. Akaandika "sufuria ndogo, 1". Akafika safu ya "imepokelewa kutoka" akasimamisha kalamu. Mzabuni sio. Wizara sio. Mfadhili sio. Mtumishi sio tena, kastaafu, barua ninayo. Tukabishana pale, mimi nikasema andika jina lake tu, yeye akasema mkaguzi atauliza huyu ni nani na kwa cheo gani. Bibi keshachoka anataka kuwahi bodaboda, akasema andikeni mnavyotaka wanangu, jua linapanda.

Akaandika: mwananchi. Kwenye safu ya hali ya kifaa akaandika kukuu, mpini una waya, bila mfuniko.